Mwenyekiti Ana Imani Nami

Wiki iliyopita niliwaacha tumesimama kwenye mvua nyuma ya goli, mimi na Mwenyekiti, yeye kanishika bega analia kunizidi mimi mfiwa.

Kwa aliyekosa gazeti: mimi ni Clifford Entwistle, beki wa kati wa zamani wa Ormsley Town. Goti lilipokufa wakanipa timu niifundishe. Kwetu mtu huyo huitwa meneja, ingawa anachokimeneji hasa ni lawama. Mke wangu Doreen alifanya kazi tangu usichana kwenye kiwanda cha pamba cha kina Hathersall, vumbi likamjaa kifuani. Daktari wa kiwanda akasema ni sigara. Doreen hakuwahi kuweka sigara mdomoni. Akafa.

Aliacha neno moja: achomwe, na majivu yake yafukiwe uwanjani, upande tunaouita Kiwandani, nyuma ya goli, pale alipokuwa akisimama kila Jumamosi kunizomea. Kwetu Ormsley si ajabu. Mtu aliyeipenda timu maisha yake yote, watu wake humleta uwanjani na kumwaga majivu nyasini. Lakini mimi sikutaka upepo umpate Doreen. Mzee Wilf, mtunza uwanja, akamchongea kisanduku kutoka kwenye ubao wa jukwaa la zamani, tukamfukia.

Ruhusa aliitoa Mwenyekiti mwenyewe, Gerald Hathersall, mtoto wa mwenye kiwanda kilekile.

"Atalala hapa, Clifford," aliniambia huku machozi yanamtiririka, "maadamu mimi niko hai."

Nikamwamini. Sasa sikilizeni kilichofuata.

Ilikuwa Jumatatu, wiki ya mechi ya mwisho ya msimu. Hesabu yetu haikuhitaji msomi: tukimfunga Skelbrook Jumamosi tunabaki kwenye Ligi, tusipomfunga tunatupwa nje, tukacheze na timu za wauza maziwa.

Nilikuwa nawakimbiza vijana kwenye tope, Mzee Wilf akaja na gazeti kalikunja kwapani. Wilf hatembei na gazeti. Gazeti kwake ni la kuwashia moto.

"Umesoma, mwanangu?"

"Sijasoma. Wameandika nini tena?"

"Mwenyekiti kasema ana imani nawe. Asilimia mia moja."

Nikakaa chini, juu ya mfuko wa mipira.

Msiojua mpira wa kwetu mtadhani hilo ni jambo la kushangilia. Mwenyekiti anayekuamini kweli hana habari na gazeti. Anakupita kwenye korido, anakuuliza hali ya goti, anakwenda zake. Siku anapowaita waandishi na kuwaambia ana imani nawe, jua ameshampigia simu atakayekalia kiti chako. Nimewaona mameneja wengi wakiaminiwa Jumatatu. Hakuna niliyemwona kazini Jumatatu iliyofuata.

Gary Threlfall, mshambuliaji wangu, alipita akihema. Huyu kijana ana mdomo kuliko miguu, na miguu anayo.

"Nimesikia, bosi. Nikuletee maboksi ya kufungia vyombo?"

"Kimbia, Threlfall."

"Nakimbia, bosi. Mimi nina imani nawe asilimia hamsini tu, kwa hiyo usiogope."

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, wala Wilf hakucheka, maana alikuwa na jingine. Aliingiza mkono kwenye koti lake akatoa kigingi cha mti, kichwa kimepakwa rangi nyekundu.

"Walikuja watu," alisema. "Watu wa kupima. Wana ule mtambo wa miguu mitatu, mmoja anachungulia jicho kalifumba kama analenga njiwa. Nikawauliza nani kawatuma. Wakaniambia mzee, endelea kufyeka."

"Wamepima nini?"

"Uwanja wote. Geti mpaka Kiwandani. Hiki walikipigilia mwisho kabisa."

"Wapi?"

Wilf akatazama viatu vyake.

"Pale pale, mwanangu. Kifuani kwake."

Nilikwenda ofisini kwa Mwenyekiti na tope langu lote. Alikuwa anakula pai ya nyama kwa kisu na uma. Ormsley nzima, watu hula pai kwa mkono, mchuzi unawatiririka mpaka kiwiko. Mtu mmoja tu ndiye anayeikata vipande vidogo kama anampasua mgonjwa.

"Clifford! Karibu, kaa. Umeona nilivyokupamba gazetini?"

Nikaweka kigingi mezani, kando ya sahani. Alikitazama kama mtu aliyeletewa panya na paka wake.

"Mifereji," akasema. "Uwanja unatuamisha maji. Wewe mwenyewe umelalamika."

"Mifereji inapimwa na watu waliovaa tai?"

Akatafuna. Akameza. Akajifuta mdomo. Watu wa namna yake hawana haraka, haraka tumeachiwa sisi.

"Duka," alisema. "Duka kubwa, la kila kitu. Mkate, nyama, soksi. Mji unalihitaji, Clifford. Kiwanda kimefungwa, watu wanataka ajira."

"Kiwanda mlikifunga ninyi."

"Hayo ya zamani. Duka lenyewe litakaa hapa tulipo. Upande wa Kiwandani itakuwa maegesho."

"Maegesho ya nini?"

"Ya magari."

"Mke wangu yuko pale."

"Najua yuko pale. Nilikuwepo."

"Ulisema maadamu uko hai."

"Msibani watu husema mengi." Alichovya kipande cha pai kwenye haradali. "Nilikuwa na majonzi. Kwani mtu hushikwa na maneno ya majonzi?"

Nikamuuliza uwanja mpya uko wapi. Akasema unatafutwa. Nikamuuliza unatafutwa wapi. Akasema, "Unatafutwa," kwa sauti ileile, kama mlango unaofungwa mara mbili.

Halafu akabadilisha maneno ghafla.

"Goti la Threlfall linaendeleaje?"

"Goti la Threlfall ni zima."

"Nasikia linamsumbua."

"Nani kakwambia?"

"Nasikia tu. Ningekuwa wewe, Jumamosi ningempumzisha."

Mimi shule niliiacha mapema, kusoma kwangu ni kwa kufuatisha kidole. Lakini mpira naujua, na mtu anayevuta jezi yako refa akiwa kageuka namjua hata kwenye giza.

"Threlfall ndiye mfungaji pekee niliye naye," nilisema. "Akikaa nje, tunafungwa."

"Ndio mpira. Kuna kufunga na kufungwa."

"Unataka tufungwe."

"Sijasema hivyo!" Akainua uma. "Mimi ni Mwenyekiti, neno kama hilo siwezi kulitamka. Nakueleza sheria tu. Timu iliyo kwenye Ligi haiuzi uwanja mpaka wakubwa wa Ligi waje, wakague, waone mwingine uko tayari. Timu iliyotoka kwenye Ligi haina wa kuiuliza. Inauza hata milingoti ya goli."

Sasa nikaelewa kila kitu. Mlango wa kuuza uwanja ulikuwa mmoja, na ufunguo wake ulikuwa kushindwa kwangu.

"Nisikilize vizuri, kijana wangu," akasema, sauti kailainisha. "Threlfall akipumzika, wewe unabaki meneja, tukiwa popote. Na Doreen utamtoa mwenyewe, kwa mkono wako, polepole, siku utakayotaka. Utampeleka upendako. Threlfall akicheza, mimi sitakuwa na la kukusaidia. Buldoza halisomi jina la mtu."

"Nikishinda, buldoza haliji."

"Litachelewa," alisema. "Chukua pai. Imebaki moja."

Sikuchukua.

Nilishuka mpaka nyuma ya goli. Nyasi za pale Wilf alizikata kwa mkasi, si kwa mashine. Nilisimama nikajaribu kusikia Doreen angesema nini, ingawa nilikuwa najua. Nilipokuwa mchezaji, siku moja mshambuliaji alinijia miguu juu, nikaogopa kuugombea mpira, akafunga. Uwanja mzima ukanyamaza kwa huzuni, isipokuwa sauti moja ya kike nyuma ya goli: "Cliff Entwistle, chakula chako leo ni cha mbwa!" Na kweli nililala njaa.

Mwanamke huyo ndiye ningemtoa kwenye uwanja tuliofungwa kwa makusudi, nikamfukie kwingine, nimwambie lala salama.

Lakini siwafichi. Jumatatu ile sikumwambia mtu. Jumanne nayo nikanyamaza. Kila nikifumba macho naliona buldoza, na kila nikiliona nasema, basi Threlfall apumzike, nimchukue mke wangu tuondoke. Nani kanituma kuokoa uwanja wa watu wengine? Wao wana wake zao nyumbani, wanagombana nao.

Alhamisi jioni nikaenda kwenye klabu ya mashabiki. Ni chumba cha chini kando ya geti, kinanuka bia na makoti yaliyolowa. Anayekiendesha ni Brenda Ogden, aliyefanya kazi mashine moja na Doreen. Naye kifua chake kinapiga filimbi, ila chake bado hakijamzima.

"Haya, aliyeaminiwa kaingia!" Brenda alipaza sauti. "Wekeni akiba ya makofi, Jumatatu tutampigia ya kumuaga!"

"Cliff," akadakia mzee mmoja, "Jumamosi iliyopita vijana wako walikuwa wanacheza au walikuwa wanatafuta funguo zilizodondoka?"

"Funguo wangeziona," alisema mwingine. "Goli ndilo hawalioni, na lina nguzo nyeupe!"

Kicheko. Threlfall alikuwa kaunta, bilauri mkononi, wala hakujificha.

Nikapanda juu ya kiti. Goti likalia kama bawaba. Nikawaambia. Duka, maegesho, wapimaji, masharti ya wakubwa wa Ligi, goti la Threlfall lililougua bila Threlfall mwenyewe kujua. Nikawaambia na Doreen nilivyoahidiwa kumtoa kwa mkono wangu.

Yule mzee wa funguo akavua kofia.

Brenda ndiye aliyeuliza kwanza. "Na wewe umejua tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

"Leo Alhamisi, Cliff."

"Niliogopa."

Alinitazama mpaka nikatamani kushuka. "Doreen angekuwepo," alisema, "angekuchapa mwavuli mbele ya watu hawa wote. Halafu angekununulia bia. Mimi nitakununulia bia tu, maana mwavuli sikuja nao."

Halafu akageuka. "Threlfall! Unacheza Jumamosi?"

"Mama Brenda, mimi nasikia goti langu limezidiwa, linatapika."

"Nakuuliza kwa heshima, mara ya mwisho."

"Nacheza," alisema Threlfall, na safari hii hakuwa anatania. Akaiweka bia chini haijaisha. Wanaomjua wanajua uzito wa jambo hilo.

Nilitoka pale nikijiona mwanamume. Nilidhani nimefanya jambo la maana. Kumbe nilichowaachia watu wale ni neno moja tu, na neno hilo lilitembea mji mzima Ijumaa, kwa wauza samaki, kwenye foleni ya wasio na kazi wanaongoja posho, kanisani: uwanja umeuzwa. Mengine yote walisahau. Uwanja umeuzwa, Jumamosi ndiyo mwisho.

Jumamosi mvua ilikatika asubuhi, na uwanja ukajaa kama enzi za baba yangu. Watu walikuja na wajukuu. Wengine walikuja na vikapu na mifuko, na mimi mjinga nikadhani wamebeba chakula.

Mwenyekiti alikuja mlangoni pa chumba cha kubadilishia nguo. Hakuingia, asichafue viatu. Alitazama majina niliyoyabandika ukutani.

"Naona Threlfall yumo."

"Goti limepona."

"Haraka hivyo?"

"Mungu mkubwa, Mwenyekiti."

Akatabasamu. "Vema, Clifford. Nimekusikia." Akafunga mlango taratibu sana. Afadhali angeubamiza.

Sitawachosha na mechi. Skelbrook walifunga mapema, kipa wetu kaudaka mpira kama mtu aliyetupiwa kuku aliye hai, ukamponyoka ukaingia. Jukwaani nikasikia, "Entwistle, nenda ukauze pai!" Threlfall akakosa goli ambalo hata mimi na goti hili ningefunga. Akakosa la pili. Nilianza kuwaza labda goti ni bovu kweli, au labda Mwenyekiti ameshamfikia.

Mapumziko nikamshika shingo ya jezi. "Nitazame machoni. Umeongea naye?"

"Aliniita," alisema Threlfall. "Ijumaa. Nikamsikiliza, nikala pai yake, nikaondoka."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo pai imenilemea, bosi. Niache nikimbie itashuka."

Kipindi cha pili alisawazisha kwa kichwa. Uwanja ukatikisika. Lakini sare haikutosha. Dakika zikaisha, refa akaanza kutazama saa, Skelbrook wakawa wanapiga mipira nje kusudi. Tukapata kona, upande wa Kiwandani. Nilimwona Threlfall anasukumana na beki, mpira ukaja chini kuliko alivyotaka, ukampiga makalioni, ukabadilisha njia, ukaingia polepole kama unaomba radhi.

Makalio! Ormsley Town wakabaki kwenye Ligi kwa makalio ya Gary Threlfall.

Filimbi ikalia. Mimi sikurukaruka. Nilisimama pale pale nikawaza kitu kimoja: umebaki, Doreen. Wakubwa wa Ligi hawataruhusu. Hakuna duka, hakuna maegesho. Umebaki nyumbani.

Watu wakamwagika uwanjani. Kabla sijajua nimeshikwa mapaja, nimeinuliwa, niko juu ya mabega ya wanaume wawili wanaonuka bia na kitunguu, nabebwa kama bwana harusi. Huko juu ndiko nilikoona.

Niliona visu. Visu vya mkate, vya jikoni. Niliona mwanamke kapiga magoti anachimba kwa ncha ya mwavuli. Niliona baba na wanawe wanabandua nyasi kama wanachuna ngozi, wanazikunja, wanazitia kwenye mfuko. Uwanja mzima wameinama, kila mtu na kipande chake.

Kwetu ndivyo uwanja unavyoagwa. Siku ya mwisho kila mtu huenda nyumbani na nyasi zake, azipande uani, awaambie wajukuu hapa alisimama fulani. Na ni mimi, kwa mdomo wangu, niliyewaambia leo ndiyo siku ya mwisho.

"Tumeshinda!" nikapiga kelele. "Hauuzwi! Acheni! Uwanja hauuzwi!"

Walionibeba wakadhani naimba. Wakaitikia.

Nikajidondosha. Goti likasema lake, nikasimama nalo hivyohivyo. Brenda akanikamata mkono, machozi na matope usoni, na mfuko wa sokoni ambamo viazi vimekaa chini na kipande cha nyasi juu.

"Cha ukumbusho, Cliff! Nimekata pale ulipofunga lile goli lako la kujifunga!"

"Kiwandani, Brenda! Wazuie upande wa Kiwandani!"

Uso ukambadilika. Akaelewa. "Doreen," alisema, na mfuko ukamtoka mkononi, viazi vikabingirika.

Tulikimbia, mimi nachechemea, yeye kifua kinapiga filimbi. Wavu wa goli ulikuwa umeshakatwa vipande. Vijana wawili walikuwa wananing'inia kwenye mwamba wa juu. Nyuma ya goli hapakuwa na jani. Udongo mtupu, mweusi, umefukuliwafukuliwa kama walipita nguruwe.

Isipokuwa mahali pamoja.

Pale pake hapakufukuliwa kwa kisu wala mwavuli. Palichimbwa. Shimo la mraba, kingo zimenyooka, kazi ya mtu anayejua chepe. Nilipiga magoti nikaingiza mkono mpaka begani, nikapapasa kama kipofu.

Patupu.

"Mwanangu! Mwanangu, usihofu!"

Alikuwa Mzee Wilf, anakuja na chepe lake begani, na anatabasamu. Mzee yule hatabasamu hata Krismasi.

"Nimewahi," alisema. "Nimemtoa kabla hawajafika. Kama ulivyoagiza."

"Kama alivyoagiza nani?"

"Wewe."

"Mimi sijaagiza kitu, Wilf."

Tabasamu likabaki usoni kidogo, kama taa iliyosahauliwa, halafu likazimika.

"Mwenyekiti alikuja mwenyewe," alisema, maneno yanamkwama. "Mpira unakaribia kwisha. Akaniambia, Cliff yuko kwenye benchi hawezi kutoka, anasema watu watavamia, mtoe Doreen haraka asikanyagwe. Nikasema la maana hilo. Nimechimba wakati vijana wanapiga ile kona. Hata goli sikuliona, mwanangu. Nilikuwa nimeligeuzia goli mgongo."

"Umempeleka wapi?"

Wilf aliinua macho. Nikayafuata macho yake, juu ya vichwa vya watu, juu ya jukwaa kuu, mpaka dirisha la chumba cha wakurugenzi. Pazia lilikuwa wazi. Taa ilikuwa inawaka mchana.

Wilf akaliangusha chepe akaanza kulia. Brenda akamshika. Mimi nikaenda.

Ngazi zile zina zulia. Wachezaji hatukuwahi kuruhusiwa kuzikanyaga na viatu vya mpira, miaka yote niliyocheza. Nilizikanyaga na tope lote la Kiwandani. Mlango ulikuwa wazi, kama wa mtu anayengoja mgeni.

Mwenyekiti alikuwa peke yake kwenye meza ndefu, kitambaa cheupe, sahani zimepangwa za wakurugenzi ambao hawakuja. Mbele yake pai, kisu, uma, haradali.

Na kando ya haradali, kisanduku cha Doreen. Udongo mbichi ulikuwa umemwagika kwenye kitambaa.

"Hongera," alisema. "Umeshinda."

"Nipe mke wangu."

"Utapewa. Kwanza njoo hapa dirishani, utazame."

Sikusogea. Hakujali.

"Jumatatu wakubwa wa Ligi wanakuja," alisema. "Wanakuja kuulinda uwanja, kama ulivyotaka. Uwanja gani, Clifford? Watu wako wameumaliza kwa visu vya mkate. Mimi ningehitaji mabuldoza na polisi. Wewe umetumia hotuba moja, juu ya kiti."

Nikashika mgongo wa kiti.

"Watauliza kama uwanja unafaa kutengenezwa," akaendelea. "Mimi nikisema haufai, watanishuku. Lakini akisema meneja, mjane, kipenzi cha watu, aliyebebwa mabegani leo hii, nani atabisha? Utasema haufai. Utasema timu ihame, popote, hata kwenye malisho ya ng'ombe. Utasema vizuri, kama ulivyosema Alhamisi."

"Na Doreen?"

Aliweka mkono juu ya kisanduku, taratibu, kiganja kimetulia. Mkono ule ule, na namna ile ile, kama alivyonishika bega siku ile kwenye mvua.

"Doreen atakaa nami mpaka utakapomaliza kusema."

Nje walikuwa wanaimba jina langu. Uwanja mzima, kwa sauti, na vikapu vya nyasi mikononi. Nilikitazama kisanduku, nikautazama mkono uliokuwa juu yake, nikakitazama kisu cha pai kilicholala katikati yetu, karibu nami kuliko yeye.

Naye alikuwa ameona nilikotazama. Hakukiondoa. Alinyoosha mguu chini ya meza, akakisukuma kiti kilichokuwa mbele yake, kikaja mpaka kwangu.

"Kaa, Clifford," alisema. "Mimi bado nina imani nawe."